Kipande cha reli juu ya mwarobaini, na stesheni ya zamani ya Voi

Malindi haijapata kuwa na stesheni ya gari la moshi. Reli yenyewe lakini imefika huku, kwa vipande. Kimoja kimetundikwa kwa waya kwenye mwarobaini wa shule, na nondo ya kukigongea imechomekwa tunduni ukutani. Kingine kimesimama kama nguzo ya lango. Kingine kimelazwa kwenye gereji, kimekuwa fuawe la kunyooshea vyuma. Watoto wakisikia ngaa, ngaa, wanakimbilia mstarini, na waalimu wanakamata chaki. Wachache sana huinama kusoma kilichoandikwa ubavuni mwake.

Maana kimeandikwa. Reli ina sehemu tatu: kichwa, ambapo gurudumu hupita, shingo, ule ubapa mwembamba wa katikati, na wayo, sehemu pana inayolala juu ya taruma, zile boriti zinazokingama chini ya reli. Maandishi yako shingoni, na yamevimba kwenda nje. Hayakupigwa kwa muhuri: roli ya mwisho ya kiwandani ilikuwa na herufi zilizochimbwa ndani, na chuma kilipopita kikiwa bado chekundu kikazijaza. Kwa hiyo hata kutu ya miaka mia haizifuti upesi.

Kuyasoma si kazi ngumu. Chukua brashi ya waya usugue shingo dakika kumi hivi, pande zote mbili, kwa sababu upande mmoja mara nyingi ni mtupu. Grinda usiiguse, itakupa chuma kinachong'aa na maandishi utakuwa umeyala. Kisha ulaze kipande cha chaki, si kuchora kwa ncha, uipitishe juu ya uvimbe. Chaki isipotosha, ngoja jioni uweke tochi ubavuni kabisa, mwanga uteleze juu ya chuma, na herufi zitasimama zenyewe kwa vivuli vyake. Utakachokuta kwa kawaida ni jina la kiwanda au la mji wake (Barrow na Workington za Uingereza zilitoa reli kwa nusu ya dunia), uzito kwa hesabu ya pauni kwa yadi, mwezi ulioandikwa kwa vistari au kwa namba za Kirumi, na mwaka.

Kipande cha kengele huwa kifupi, na pengine kilikatwa katikati ya maandishi, ukabaki na tarakimu mbili za mwaka basi. Hapo nenda dukani ukaombe mzani wa gunia. Pima kilo, pima urefu kwa futi kamba, gawa kilo kwa mita. Reli ya pauni 50 kwa yadi ni kilo 24.8 kwa kila mita. Ya pauni 80 ni kilo 39.7, ya pauni 95 ni kilo 47.1. Yaani kengele ya sentimita 60 itakuwa na kilo 15, au 24, au 28. Kutu na kulika hupunguza, havizidishi kamwe, kwa hiyo ukipata kilo 22 usiseme umegundua reli mpya: ni ya pauni 80 iliyochoka. Kimo nacho kinasaidia. Ya 50 ina kimo cha sentimita 10 hivi, ya 80 inafika 13.

Namba hizo zina historia yake. Reli ya Uganda, iliyoanza kutandikwa Mombasa mwaka 1896 na kufika Kisumu Desemba 1901, ilitandikwa kwa reli nyepesi ya pauni 50. Iliwatosha, maana injini za siku hizo zilikuwa ndogo. Injini zilipokuwa nzito, ile ya 50 ikang'olewa njia kuu, ikashushwa kwenye matawi na viwanja vya stesheni, na iliyozidi ikauzwa kuwa nguzo, mihimili ya paa, na kengele. Ikaja ya 80, kisha ya 95. Ukiona reli ndogo zaidi ya hizi, yenye kimo cha sentimita sita au saba, hiyo haikutoka njia kuu hata kidogo. Pwani ilikuwa na vijireli vya toroli kwenye mashamba ya mkonge, na Mombasa yenyewe ilikuwa na toroli za kusukumwa na watu mitaani. Vyuma vya toroli za Mombasa ndivyo vilivyobaki kutoka kwenye reli ya kwanza kabisa, ya inchi 24 tu baina ya pande mbili, ambayo kampuni ya Waingereza iliyotawala pwani ilianza kuitandika 1890 ikaishia maili saba.

Sasa, kwa nini vipande na si njia nzima? Jibu la haraka linalotolewa vibarazani ni kwamba Malindi ilionewa. Mimi naona haikuonewa, ilipitwa. Reli ya Uganda ilikusudiwa kufika ziwani, na ilihitaji mahali ambapo meli kubwa ingefunga karibu na nchi kavu. Kilindini, bandari ya Mombasa, ina kina cha asili. Ghuba la Malindi ni la maji machache, na kila masika mto Sabaki hushusha tope jekundu mpaka bahari inageuka rangi ya chai ya maziwa. Mzigo nao ulikuwa umepungua. Malindi iliyofufuliwa na Sultani Majid mwaka 1861 iliishi kwa mtama na nafaka nyingine zilizolimwa na watumwa, na majahazi yakazipeleka Uarabuni. Biashara ile ilikuwa imekwisha nguvu hata kabla ya sheria ya 1907 kuufuta utumwa kwenye ukanda wa pwani. Baada ya hapo cha Malindi kilisafiri kwa jahazi, au kwa lori na vivuko vya Kilifi na Mtwapa. Daraja la Kilifi lilifunguliwa 1991 tu.

Lamu nayo imeahidiwa. Tarehe 2 Machi 2012 marais Kibaki wa Kenya na Salva Kiir wa Sudan Kusini, pamoja na Meles Zenawi wa Ethiopia, walizindua mradi wa bandari, barabara, bomba na reli. Gati la kwanza lilianza kazi Mei 2021. Reli bado iko kwenye ramani.

Kwa hiyo mtu wa Malindi anayetaka kuona stesheni iliyofungwa inambidi asafiri, na ya kuifuata ni Voi. Njia ziko mbili. Moja ni kupitia Ganda, Kakoneni na Langobaya hadi lango la Sala, halafu kuikata mbuga ya Tsavo Mashariki mpaka lango la Voi. Fupi kwenye ramani, lakini ya vumbi, ya kulipia kiingilio cha mbuga, na milango yake hufungwa jioni. Njia hiyo huufuata mto Galana kwa sehemu kubwa. Ukumbuke kwamba Galana ni Athi na Tsavo zilizokutana, na ndiyo hiyo hiyo inayogeuka jina ikawa Sabaki. Maji yanayopita chini ya daraja la reli la Tsavo, lile lililoanza kujengwa mwaka 1898, yanamwagika kaskazini ya mji wetu. (Simba wa daraja hilo wamesimuliwa vya kutosha, nawaruka.) Njia ya pili ni Kilifi, Mavueni, Kaloleni, Mariakani, halafu barabara kuu. Hii ni ndefu, lakini nakushauri uifuate, kwa sababu kuanzia Mariakani reli ya zamani inatembea nawe na majina ya stesheni yanakueleza shida iliyowakuta waliojenga: Mariakani, Maji ya Chumvi, Samburu, Taru, Mackinnon Road, Maungu, Voi.

Maji ya Chumvi! Waliopita na misafara kabla ya reli walikwisha kuacha onyo. Nyika ya Taru haina maji ya kutegemea, na kina reli walilazimika kuyabeba kwa treni hadi pale kazi ilipofikia. Kujenga kulipokwisha, injini zenyewe zikabaki na kiu. Na injini ya mvuke haina shida na uhaba tu, ina shida na aina ya maji. Maji magumu yanapochemka ndani ya boila huacha ukoko mweupe juu ya mabomba, kama ule wa birika la nyumbani. Ukoko hauruhusu moto kupita, fundi anaongeza moto ili apate mvuke ule ule, bomba linaungua upande wa moto huku upande wa maji limefunikwa. Maji ya chumvi yana ubaya mwingine: hutoa povu. Povu likipanda linaingia kwenye silinda pamoja na mvuke, na maji hayabanwi; pistoni inakuja kwa nguvu inakutana na maji, kifuniko cha silinda kinapasuka. Dawa yake ilikuwa kulifungua valvu la chini la boila kila siku, maji machafu yatoke kwa kishindo, na kuliosha boila zima baada ya safari kadhaa. Ndiyo maana kila stesheni yenye tangi zuri ilikuwa na thamani kuliko jengo lake.

Hapa ndipo inapoanza hadithi ya kufungwa, na watu wengi huianzia mahali pasipo. Husema stesheni za reli ya zamani zilifungwa mwaka 2017, treni ya abiria ya reli nyembamba ilipokoma na Madaraka Express, treni ya reli mpya pana, ikaanza tarehe 31 Mei. Tarehe hiyo ni kweli kwa abiria. Lakini stesheni ndogo ni mashine yenye kazi tatu nne, na kazi zake ziliondolewa moja moja kwa muda wa zaidi ya nusu karne.

Kazi ya kwanza kuondoka ilikuwa ya maji. Mwaka 1955 zilianza kuja injini za Garratt za daraja la 59, zilizotengenezwa na Beyer Peacock wa Manchester: 34 kwa jumla, kila moja na jina la mlima wa Afrika Mashariki, injini kubwa kuliko zote za mvuke zilizopata kutembea juu ya reli ya mita moja. Garratt ina tangi mbele na nyuma, boila limeninginizwa katikati. Ilibeba maji mengi na kuvuta mzigo mzito, kwa hiyo treni zikapungua na vituo vya kunywea vikapungua. Zilipoingia injini za dizeli, tangi la stesheni likawa la kuogea tu wafanyakazi. Hivi leo ukiona nguzo nene za zege au chuma zenye urefu wa nyumba, hazina kitu juu, hapo palikaa tangi. Na ukitafuta kando ya reli utaona shimo la mraba la kumwagia maji yaliyozidi, limejaa mchanga.

Kazi ya pili ndiyo roho ya stesheni, na haionekani kwa abiria. Njia kutoka Mombasa hadi Nairobi ilikuwa ya reli moja, treni zinazokwenda na zinazokuja zikitumia chuma hicho hicho. Hazikuweza kupishana ila stesheni, pale penye njia ya pembeni. Sasa tuseme treni iko Maungu inataka kuja Voi. Kwa mtindo wa kazi wa reli za Kiingereza na za India, stesheni masta wa Maungu anampigia wa Voi kengele ya umeme na kuuliza kama njia ni tupu. Wa Voi anahakikisha kwamba treni ya mwisho imefika nzima, tena ameona taa au alama ya behewa la mwisho, kwa sababu behewa likikatika njiani treni hufika na njia isiwe tupu. Akiridhika anabonyeza na kushikilia. Hapo tu ndipo mashine ya Maungu inaachia tokeni moja, kipande cha chuma ambacho dereva anakabidhiwa mkononi, kimetiwa kwenye mfuko wenye duara kubwa ili aweze kukidaka bila kusimama. Mashine mbili zimefungana kwa umeme. Maadamu tokeni moja iko nje, ya pili haitoki Maungu wala Voi. Ikifika Voi na kuingizwa, kufuli inafunguka.

Kinachoharibika ni watu na waya. Dereva akisahau akapita na tokeni mfukoni, kipande kizima cha njia kinasimama mpaka irudishwe kwa toroli au kwa miguu. Waya ukikatika, au mashine ikipigwa na radi, wanarudi kwenye karatasi: kibali kimeandikwa kwa mkono, kina namba ya mfululizo, saa, jina la stesheni mbili, na namba ya siri ambayo masta wa upande wa pili ameitaja kwa simu. Ajali mbaya za reli moja, kokote duniani, mara nyingi huanzia siku ya karatasi, mtu aliposema "bila shaka imeshafika" badala ya kuuliza tena.

Kwa hiyo mashine ile ikiondolewa, stesheni imefungwa, hata kama bendera na benchi vipo. Haiwezi kupishanisha treni. Njia yake ya pembeni inakuwa ya kuegesha mabehewa mabovu, nyasi zinaota, mbuzi wanalala. Ukiingia ofisi ya stesheni iliyokufa angalia ukutani karibu na dirisha linaloelekea reli: alama nne za bolti, rangi iliyohifadhika chini ya mraba, na tundu la waya. Mashine ilikaa hapo. Dirisha lile lilichomoza nje kidogo ili masta aone pande zote mbili bila kuondoka kwenye simu.

Kazi ya tatu ni mzigo na tiketi. Tiketi ilikuwa kadi ngumu ndogo, upana wa vidole viwili, yenye namba tayari. Karani aliichomoa kutoka chini ya rafu, akaitia kwenye kidude cha chuma, tik, tarehe ikagongwa. Mwisho wa zamu hakuhesabu tiketi alizouza. Aliangalia namba iliyobaki chini ya kila bomba la rafu, akatoa ile ya asubuhi, akapata fedha anazodaiwa. Ukikuta kabati lenye vijisanduku vyembamba vilivyosimama, kila kimoja na kipande cha ubao mweusi mbele yake, usidhani ni la barua.

Tukifika Voi yenyewe. Reli iliufikia mwishoni mwa 1897, maili 100 kutoka pwani, na mji wenyewe ulikua pembeni ya stesheni, si kinyume chake. Miaka ya mwanzo treni hazikuwa na behewa la chakula. Treni ikitoka Mombasa mchana, inafika Voi usiku, abiria wa daraja la juu wanashuka kula kwenye nyumba ya wageni ya reli, ile waliyoiita kwa Kihindi dak bangaloo, halafu wanapanda tena. Abiria wa daraja la tatu walinunua vyao dirishani. Wafanyakazi wa ujenzi walikuwa wengi wao kutoka Bara Hindi, zaidi ya 31,000 kwa miaka yote, na karibu 2,500 walifia kazini. Aliye maarufu kuliko wote kwa watu wa pwani ni Sayyid Baghali Shah, aliyezikwa Mackinnon Road mwaka 1899. Inasemwa kwamba karai la saruji lilielea juu ya kichwa chake bila kukigusa. Msikiti wa kaburi lake uko kando ya reli, na hadi leo magari ya kwenda bara husimama hapo watu wasali na kutoa sadaka kabla ya kuendelea. Nawe simama, kutoka pale uwanjani unaiona reli ya zamani vizuri kuliko pengine popote kwenye barabara hii.

Kilichoifanya Voi iwe njia panda ni vita. Agosti 1914 Wajerumani waliiteka Taveta, na vikosi vyao vidogo vikawa vinaikata nyika usiku kutega baruti kwenye Reli ya Uganda. Mwanzoni mwa 1915 Waingereza wakaanza kutandika tawi kutoka Voi kuelekea magharibi, kupitia Mwatate na Bura. Kufikia Juni lilikuwa Maktau. Tarehe 12 Februari 1916 wakashindwa kwenye kilima cha Salaita, Machi wakaichukua tena Taveta, na reli ikasukumwa mbele hadi ikaungana na ile ya Wajerumani iliyotoka Tanga kwenda Moshi. Kuungana kuliwezekana kwa sababu moja ya kawaida kabisa: wote wawili, pamoja na uadui wao, walikuwa wametumia upana ule ule wa mita moja. Makaburi ya askari wa vita hivyo yako Voi, Maktau na Taveta.

Reli ya vita hutandikwa upesi. Hufuata ardhi ilivyo, haikati kilima wala haijazi bonde ila panapolazimu. Baadaye mwenye mali analipa: kona kali hula kichwa cha reli ya nje, kupanda na kushuka hula mafuta, na tuta lisilo na mifereji ya kutosha huondoka na mvua. Tawi la Taveta liliishi kwa mkonge, mazao ya mashamba ya Taveta na mzigo wa kuvuka mpaka. Mwaka 1977 Jumuiya ya Afrika Mashariki ikavunjika, shirika la reli la pamoja likavunjika nalo, na Tanzania ikafunga mpaka hadi 1983. Tawi lililojengwa ili livuke likawa kichochoro kisichotokea popote. Mpaka ulipofunguliwa, lori lilikuwa limekwisha kuzoeleka, na leo lami inakwenda mpaka Taveta.

Uwapo Voi au stesheni yoyote ya tawi lile, nenda na futi ya chuma, chaki na tochi. Kwanza pima upana: kutoka uso wa ndani wa reli moja hadi wa nyingine, chini kidogo ya sehemu iliyoviringika. Utapata milimita 1,000, au kumi hivi zaidi ya hapo kwenye kona, maana kona hupanuliwa makusudi ili magurudumu yasibane. Reli mpya ni 1,435, na imezungushiwa ua, hiyo usiisogelee. Kisha tazama juu ya kichwa. Kikimeta kama kisu, treni imepita leo au jana. Kikiwa na rangi ya chungwa nyembamba inayotoka kwa kidole, ni siku chache tu. Magamba meusi ya kubanduka kwa kucha ni miaka. Usikae kwenye reli kwa kudhani mradi abiria hawapo basi njia imekufa, mizigo haitangazwi.

Angalia viungo. Reli mbili zinapokutana huacha mwanya, na vibao vya chuma vya kuungia vimeshikwa kwa bolti pande zote. Mwanya una hesabu: reli ya mita 12 hurefuka kama milimita 4 jua likizidisha joto kwa nyuzi 30, na Taru hufika huko bila shida. Matundu ya bolti kwa hiyo ni mapana kuliko bolti. Nyapara wa genge la njia alikuwa na kazi ya kulegeza, kupaka mafuta na kukaza tena viungo hivi kwa zamu. Visipopakwa, kutu huvigandisha, reli haina pa kurefukia, na saa nane mchana njia nzima inajipinda pembeni kama nyoka. Mataruma mengi utakayoona ni ya chuma, umbo la sinia lililofudikizwa. Yalichaguliwa kwa sababu ya mchwa. Karibu na bahari chuma hicho hicho kinaliwa na chumvi, kwa hiyo kila upande una adui wake.

Halafu nenda kwenye makutano, pale njia ya pembeni inapochomoka. Ulimi mwembamba wa reli unapaswa kulala umegandamana na reli ya kando. Mwanya wa milimita 5 ukiachwa na jiwe au kipande cha ukuni unatosha kuleta hatari: ukosi wa gurudumu, ule ukingo wa ndani unaolishikiza relini, unaingia, gurudumu moja linakwenda Taveta, la pili Nairobi. Stesheni iliyofungwa utaitambua hapa kwa hakika. Ulimi umefungwa kwa komeo na msumari mkubwa uelekee njia kuu daima, au umechomelewa kabisa, na fimbo ya kuvutia imekatwa.

Mara nyingi imekatwa na mwenye kuuza vyuma chakavu. Mali hii ni ya shirika la umma, na kuichukua ni kosa, hata kijibolti. Mwaka 2022 serikali ilipiga marufuku biashara ya chuma chakavu tangu Januari hadi Mei kwa sababu ya wizi wa nyaya na milingoti ya umeme. Kilo ya taruma ni kilo ya chuma tu kwa mnunuzi. Hajali mwaka wala kiwanda. Wanaotaka stesheni hizi zihifadhiwe huanza na jengo, wanapaka rangi mabati na kuweka ubao wa jina. Mimi ningeanza na ulimi wa makutano, nguzo za tangi na ukuta wenye alama nne za bolti, kwa kuwa ndivyo vinavyoeleza kazi, na ndivyo vinavyotangulia kuibwa. Picha moja yenye futi iliyolazwa kando, mahali na tarehe, ni bora kuliko picha ishirini za machweo.

Na kengele ya shule isisahauliwe. Ikiwa uongozi wa shule umekubali isomwe, andikeni mlichokikuta kwenye bati dogo: kilo kwa mita, kimo, maandishi, mwaka. Litundikeni kwenye ukuta, si kwenye kipande chenyewe, maana chochote kilichofungwa juu yake kitaua sauti. Kama kina tundu la bolti, waya upite humo, mnene, ulegee, na mpira wa tairi la zamani uzuie waya usilikate tawi. Kama hakina tundu, kitundikwe kikiwa kimelala, kwa nyaya mbili, kila moja robo ya urefu au pungufu kidogo kutoka mwishoni. Hapo ndipo chuma hakitetemeki, kwa hiyo waya hauizuii sauti. Mkisha, kigongeni katikati na msikilize. Kizima hulia kwa muda mrefu. Kikitoa mlio wa ta, mfupi kama wa gunia la mchanga, kina ufa, karibu hakika kutoka kwenye tundu la bolti. Ufa wa namna hiyo hiyo ndio uliowafanya kina nyapara watembee njia nzima kwa miguu. Kishusheni kabla hakijawaangukia watoto.